Ali wa Kilwa, mfalme aliyenunua kisiwa kwa nguo

Hapa Mulongwe, ukikaa na wazee jioni, hawachelewi kufika kwenye lile swali: nani alikuja wa kwanza, na alitokea wapi? Wafuliiru watakwambia kwamba ukoo wa bami wao ulitoka Lwindi. Wavira watakuonyesha upande wa Lualaba. Swali linaonekana la mazungumzo tu, lakini munajua wenyewe: juu ya majibu yake watu wamegombana, na wengine wamekufa.

Leo tunawaletea maisha ya mfalme wa mbali ambaye swali hilo limemfuata karibu miaka elfu moja. Ni Ali bin Hassan, sultani wa Kilwa, kisiwa cha pwani ya kusini ya Tanzania ya leo. Ni mbali, ndiyo, lakini si ugenini kabisa. Kiswahili tunachoongea sokoni kilipanda huku kutoka pwani hiyo ya Bahari ya Hindi, pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyopitia Ujiji.

Habari zake zinaanzia Shirazi, katika nchi ya Uajemi, ambayo leo ni Iran. Inasimuliwa kwamba sultani wa huko aliota panya mwenye pua ya chuma anatoboa ukuta wa mji. Akaelewa kwamba nchi itaharibika. Akapakia watu wake katika merikebu saba, yeye na wanawe sita, na kila merikebu ikatia nanga mahali pake. Moja ikafika Kilwa, na ndani yake alikuwamo Ali.

Mreno João de Barros, aliyetoa kitabu chake mwaka wa 1552 na ambaye Kilwa yenyewe hakuifika, anaeleza vingine. Kwake yeye ndugu walikuwa saba, sita wakiwa wana wa binti wa kifalme wa Uajemi. Ali ndiye wa saba, na mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Ndugu zake wakamdharau kwa sababu ya mama, akaona heri atafute nchi yake mwenyewe. Nani kati yetu hajaona jambo kama hilo kwenye nyumba yenye wake wawili?

Kufika, Ali akakuta kisiwa kina watu, na kuko hata Mwislamu mmoja na msikiti wake. Mwenye nchi alikuwa mtu wa Muli, ng'ambo, na siku hiyo alikuwa ameenda kuwinda. Wakati huo maji yakipwa, mtu alivuka kwa miguu toka bara hadi kisiwani. Mwenye nchi aliporudi, yule Mwislamu akawa mkalimani kati yao. Ali akaomba kukaa. Jibu likawa hivi: atauziwa kisiwa akikizungusha nguo za rangi rangi. Fikiria vikwembe vilivyotandikwa pwani nzima mpaka ncha zikutane! Ali akazitandika, nyeupe, nyeusi na za kila rangi, mwenye nchi akazikusanya akaenda zake. Ndiyo maana mfalme huyo aliitwa Nguo Nyingi. Lakini muuzaji alikuwa na shauri la kurudi na askari amuue mnunuzi. Ali akaonywa, akachimba ule mkondo mpaka maji yakawa mengi, na hakuna aliyevuka tena kwa miguu. Inasemwa alitawala miaka 40.

Sasa tusimame kidogo. Hadithi za namna hii zinatembea. Kule Karthago, Afrika ya kaskazini, wanasimulia kwamba malkia Dido aliahidiwa ardhi inayotosha ngozi moja ya ng'ombe, akaikata nyuzi nyembamba akazungusha kilima kizima. Waingereza nao wana mfalme wao Arthur, aliyepata umaarufu kupitia kitabu cha Geoffrey wa Monmouth, karibu na mwaka wa 1136. Tofauti ni kwamba Arthur hajaacha hata senti moja. Ali ameacha nyingi.

Ni sarafu ndogo za shaba. Upande mmoja kuko jina lake, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Kwanza mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali karibu na mwaka wa 1200. Halafu mwaka wa 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zikafukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin Hassan, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Dinari ya mwisho ni ya mwaka wa 1066. Ali akarudishwa nyuma karne nzima na zaidi. Kwa hiyo mfalme alikuwako kweli. Panya wa chuma ni habari nyingine.

Na kisiwa kilikuwa na watu tangu karne ya 9, wavuvi na wafua chuma wenye nyumba za miti na udongo, muda mrefu kabla ya Ali. Mwaka wa 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya zamani ya pwani, Kilwa ikiwemo. Walikuta damu ya Kiajemi, hasa upande wa baba, ikichanganyika na ya Kiafrika, hasa upande wa mama, kuanzia karibu na mwaka wa 1000. Waliocheka wazee wa pwani kwamba Shirazi ni uongo mtupu wakapunguza sauti. Lakini waliosema miji ile ilijengwa na wageni peke yao hawakupata cha kushika.

Juu ya nini basi waliandika habari za kununua? Angalia mwaka. Kitabu cha Kiarabu cha Kilwa kiliandikwa katika karne ya 16 na mtu aliyezaliwa karibu na mwaka wa 1499. Mwaka wa 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipora mji, wakamkalisha kwenye kiti mtu asiye wa ukoo wa kifalme. Alipokua, mwandishi alikuta mji ambao mgeni anaweza kuchagua mfalme. Katika mji kama huo, kuandika kwamba babu wa kwanza alilipia kisiwa mzunguko mzima ni sawa na kuweka hati ya kiwanja mezani.

Wenyeji waliosimulia kwa Kiswahili, na habari yao ikachapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka wa 1907, wanaeleza vingine tena. Nguo ziko, Mshirazi yuko, naye anaitwa Ali bin Selimani. Ila huyu anamwoa binti wa mwenye nchi, na mamlaka yanakuja kwa mjukuu, kutoka mkononi mwa babu yake mzaa mama. Katika kitabu cha Kiarabu muuzaji ni kafiri wa Muli tu, hana jina. Katika Kiswahili analo: anaitwa Mrimba.