William Perkin: alitafuta kinini, akapata rangi

Wandugu wanafunzi, tunaona mama zetu wamevaa vikwembe vya maua na ndege, vya rangi nyingi. Ni wachache wanaojiuliza ile rangi inatoka wapi, na ginsi gani inakaa pahali pake wakati wa kufua. Sehemu kubwa ya hii habari ilianza na kijana wa miaka 18.

William Henry Perkin alizaliwa London, Uingereza, tarehe 12 Machi 1838. Baba yake alikuwa mjenzi wa nyumba. Shuleni, mwalimu Thomas Hall alifundisha shimi saa ya kula, na Perkin aliacha chakula kusudi asikose lile somo. Akiwa na miaka 15 akaingia chuo cha shimi, chini ya mwalimu Mjerumani, Hofmann.

Wakati ule malaria iliua watu wengi, na kinini ilitoka tu katika maganda ya mti wa sinkona, ule uliokuja kupandwa nyuma hata huku Kivu. Hofmann aliwaza kwamba pengine inaweza kutengenezwa na vitu vya lami ya makaa ya mawe. Katika konje ya Pasaka ya 1856, Perkin akajaribu nyumbani kwao. Kinini haikutoka, ila matope mekundu tu. Akajaribu tena na kitu kingine, anilini. Safari hii matope meusi. Wengi wangeyatupa. Yeye akayatia alkoli, akaona rangi nzuri ya zambarau. Akachovya hariri, akaifua, akaianika juani: rangi ikabaki.

Mpaka hapo watu walitoa rangi katika majani, mizizi na wadudu. Mwezi wa Agosti 1856 Perkin akaandikisha uvumbuzi wake, akaacha masomo. Hofmann hakupendezwa. Baba yake akatia karibu feza yake yote katika kiwanda, na kaka yake Thomas akaja kutumika naye. Kama ile rangi ingekataliwa, jamaa nzima ingeanguka.

Na kweli, shida ilikuja. Hariri ilipokea rangi, lakini pamba ilikataa. Perkin akaenda mwenyewe kwa wenye kutia rangi, akawaonyesha kulowesha pamba kwanza katika tanini, ile dawa inayopatikana katika maganda ya miti, kusudi rangi ishike. Kuchapa maua ni kazi ingine tena: rangi inapashwa kuwa nzito sawa uji, isipite mpaka wa ua. Wachapaji wakaichanganya na ute wa yai, kisha wakatia kitambaa katika mvuke wa moto. Ute uliganda, ukashika rangi.

Mwaka 1869 Perkin alipata njia ya kutengeneza alizarini, rangi nyekundu iliyotoka zamani katika mizizi ya mmea. Wajerumani waliandikisha yao siku moja tu mbele yake. Hii rangi ina ajabu: ukichapa kitambaa kwa chumvi ya alumini pahali pamoja na ya chuma pahali pengine, kisha ukakichovya katika chungu kimoja, pa kwanza panakuwa pekundu, pa pili zambarau ao peusi. Na kama kitambaa kimekwisha kuwa chekundu, unachapa asidi na kukipitisha katika maji ya klorini: penye asidi rangi inakufa, ua jeupe linabaki. Hata leo, juu ya nguo za poliesta, wanachapa dawa inayoua rangi ya chini pamoja na rangi ingine isiyoogopa ile dawa. Ndiyo maana ua la manjano linaweza kukaa katikati ya nguo nyeusi.

Lakini faida ya mmoja ilikuwa hasara ya mwingine: wakulima wa ile mizizi kule Ufaransa walipoteza soko lao.

Mwaka 1874, akiwa na miaka 36, Perkin aliuza kiwanda, akarudia utafiti. Mwaka 1906 mfalme alimpa cheo cha Sir. Alikufa tarehe 14 Julai 1907. Kinini hakuipata kamwe. Imejengwa kwa namna ngumu, ambayo mwaka 1856 hakuna aliyeijua.

Basi, wandugu, kazi ya labo ikiharibika, tusikimbilie kuosha chupa. Tuangalie kwanza ndani yake mna nini, na tuandike tulichokiona.