William Hanna: muosha magari aliyetuletea Tom na Jerry

Huku kwetu Kilwa Masoko, ukiweka Tom na Jerry kwenye kibanda umiza watoto wanacheka wenyewe, hahitajiki mtu wa kutafsiri. Leo nawaletea habari za mmoja wa waliowabuni hao wawili.

William Hanna alizaliwa Melrose, New Mexico, Marekani, Julai 14, 1910. Uchumi ulipoanguka akaacha chuo, kibarua cha ujenzi nacho kikaota mbawa, akaishia kuosha magari. Uchoraji hakuusomea. Mwaka 1930 akapata kazi studio ya katuni, baadaye akakutana na Joseph Barbera pale MGM. Mwaka 1940 wakatoa paka na panya wetu, wakaja kuzoa tuzo 7 za Oscar.

Mwaka 1957 balaa likaingia, MGM ikafunga studio. Televisheni ilikuwa inalipa kama dola 3,000 kwa katuni ya dakika tano, wakati Tom na Jerry moja ilizidi dola 30,000. Jamaa hawakukaa kulia. Wakapunguza michoro: mwili umetulia, kinasogea mdomo na mkono tu, na picha ya nyuma inajirudia. Ndo maana kwenye Flintstones (1960) mtu akikimbia anapita nyumba ile ile!

Ikaja vita ya Jumamosi asubuhi. ABC, CBS na NBC ziligombea watoto, maana wenye matangazo ya midoli na vitafunwa walilipa kwa kuangalia idadi ya watazamaji. Hanna na mwenzake wakaziuzia zote tatu. Wazazi wakalalamika katuni zimejaa ngumi, CBS ikaleta Scooby-Doo mwaka 1969. Tuseme ukweli, mbio hizo zilizaa pia katuni kibao za kulipualipua.

Ted Turner akanunua hazina yao mwaka 1991, na mwaka 1992 akaanzisha Cartoon Network ikapambane na Nickelodeon na Disney. Hanna alifariki Machi 22, 2001, akiwa na miaka 90.

Kwetu Ubongo Kids ilianza TBC1 mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ni mwanzo mzuri ila haitoshi. Tusipotengeneza vya kwetu, vita vya wenzetu ndo vitawachagulia wadogo zetu cha kuangalia. Wewe unayechora kwenye daftari huko Kivinje au Lindi mjini, mzee huyu hakushinda kwa mtaji, alishinda kwa kujua cha kupunguza.

Wadau mnasemaje, nani anaanza?