Amir Jamal: Mtoto wa biashara aliyekuwa mbunge wa Morogoro miaka 25

Kwa vijana wengi wa Mji Kasoro Bahari, jina la Amir Habib Jamal ni geni. Lakini tangu 1960 hadi 1985, kiti cha Morogoro bungeni kilikuwa chake. Serikalini, ndiye aliyekaa Wizara ya Fedha muda mrefu kuliko mwingine yeyote enzi za Mwalimu Nyerere.

Hakuwa Mluguru wala hakuzaliwa Morogoro. Alikuwa Mtanzania mwenye asili ya India, tena kutoka familia ya wafanyabiashara.

Kutoka kwenye biashara

Jamal alizaliwa Mwanza, Januari 26, 1922. Alisoma Mwanza na Dar es Salaam, kisha akaenda chuo kikuu Calcutta, India, kusomea uchumi. Mwaka 1942, akiwa kijana wa miaka 20, alihudhuria mkutano wa chama cha Congress mjini Bombay, ule ambao Gandhi aliwataka Waingereza wafungashe virago.

Aliporudi nyumbani aliingia kwenye biashara ya familia. Maisha hayakuwa mabaya. Wengi wa tabaka lake walikaa mbali na siasa za Waafrika, lakini yeye alijenga urafiki na Nyerere na kuiunga mkono TANU.

Nafasi ilipatikana kwenye uchaguzi wa 1958 na 1959. Mkoloni alikuwa ameweka kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. TANU ikaamua kushiriki na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo. Jamal akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na Julai 1959 akawa mmoja wa wajumbe watano wa kuchaguliwa waliopewa uwaziri.

Milima isiyopenda kuburuzwa

Morogoro haikuwa sehemu rahisi kwa mwanasiasa. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru waligoma kulimishwa matuta kwa amri ya serikali. Huko Matombo zikazuka vurugu na mtu mmoja akapoteza maisha. Watu hao hawakuwa wa kuletewa kiongozi na kuitikia tu.

Mwaka 1965 ukawa mtihani. Nchi ilikuwa imeingia chama kimoja, lakini majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Vigogo kadhaa waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, huko Mwanza. Jamal alirudi bungeni kwa kura za Morogoro, na Nyerere akamkabidhi wizara aliyoiacha Bomani.

Sheria zilizogusa watu wake

Juni 1966 Benki Kuu ilifunguliwa na Tanzania ikaanza kutumia shilingi yake. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na siku moja tu baadaye mabenki yakataifishwa. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni au nyumba ya kupangisha. Mtoto wa wafanyabiashara ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha.

Mwaka huo huo mkataba wa reli ya TAZARA ulisainiwa Beijing. Leo reli hiyo inapita Ifakara na Mlimba, ndani ya mkoa wa Morogoro.

Lililouma zaidi lilikuja 1971. Serikali ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi walioyapoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Familia nyingi zilihama nchi. Jamal alibaki serikalini, akiwa bado kwenye wizara ile ile. Kwa waliopoteza nyumba, halikuwa jambo la kusahau kirahisi.

Hazina ikiwa tupu

Mwishoni mwa 1979 aliitwa tena Fedha, baada ya Edwin Mtei kujiuzulu kwa kutofautiana na Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, bei ya mafuta imepanda, na wananchi walipanga foleni za sukari na sabuni. Jamal alipambana na hali hiyo hadi 1983 bila nchi kufikia mapatano ya kudumu na IMF. Mapatano yalikuja 1986, Nyerere akiwa ameshaondoka Ikulu.

Baada ya 1985 Jamal aliiwakilisha Tanzania kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, Geneva. Alifariki Machi 21, 1995, Vancouver, Canada.

Sera nyingi alizozisimamia zilikuja kugeuzwa. Mabenki binafsi yalirudi na majengo yakaanza kuuzwa. Lakini rekodi ya Morogoro imebaki: wapiga kura wa chini ya Uluguru walimwamini kwa robo karne mtu ambaye hawakuchangia naye ukoo wala kabila.