Linus Pauling: Mkemia aliyeuona ugonjwa ndani ya molekuli

MIAKA karibu arobaini ilipita tangu ugonjwa wa selimundu uelezwe kwa mara ya kwanza katika majarida ya tiba hadi siku ilipojulikana ulikojificha. Mnamo 1910 Daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha habari za mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada ambaye seli nyekundu za damu yake, zilipotazamwa kwa hadubini, zilionekana zimejipinda mfano wa mundu. Waliomfuata Herrick walizihesabu seli hizo, wakazichora, wakafuatilia jinsi maradhi yanavyorithiwa katika ukoo. Kwa nini seli ijipinde, hakuna aliyejua.

Aliyelipata jibu hakuwa daktari. Linus Pauling alikuwa mkemia, na makala aliyochapisha yeye na wenzake watatu katika jarida la Science mnamo Novemba 25, 1949, iliuita selimundu ugonjwa wa molekuli. Hadi wakati huo ugonjwa ulitafutwa katika kiungo, au katika seli, au katika kiini kinachoingia mwilini kutoka nje. Pauling alidai kwamba unaweza kukaa katika chembe moja ya protini isiyoonekana hata kwa hadubini, na kwamba mtu anaweza kuupima huko uliko.

Katika sehemu za Nyanza, Magharibi na Pwani ya Kenya, ambako si ajabu kumkuta mzazi akimpeleka mtoto hospitalini kwa maumivu ya mifupa yasiyokwisha, hayo si mambo ya vitabuni. Kila kipimo kinachomtenga mgonjwa wa selimundu na mtu anayebeba jeni moja tu bila kuugua kina asili yake katika kazi ile ya 1949.

Pauling alizaliwa Februari 28, 1901, mjini Portland, katika jimbo la Oregon. Babake, Herman, aliyekuwa akiuza dawa, alifariki mnamo 1910 na kumwachia mjane watoto watatu na mali haba. Mamake, Belle, alifungua nyumba ya kupangisha wageni, lakini afya yake ilikuwa dhaifu. Aliugua aina ya upungufu wa damu ambayo siku hizo ilikuwa hukumu ya kifo, na ambayo leo inajulikana kuwa hutokana na mwili kushindwa kufyonza vitamini B12. Alifariki mnamo 1926, mwaka ule ule madaktari wa Boston walipotangaza kwamba wagonjwa wa aina hiyo hupata nafuu wakilishwa maini. Mwanawe alikuwa Ulaya masomoni.

Kijana huyo alikuwa ameondoka shule ya upili bila cheti, kwa sababu hakutimiza masomo ya historia ya Marekani. Shule ilimpa cheti hicho mnamo 1962, wakati tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel. Alisomea uhandisi wa kemia katika chuo cha kilimo cha Oregon mjini Corvallis, akalazimika kusimama mwaka mmoja ili kumsaidia mamake, na chuo kikamwajiri kuwafunza wanafunzi wenzake. Ni katika darasa la kemia chuoni humo alikokutana na Ava Helen Miller, mwanafunzi wake, aliyemwoa mnamo 1923. Miaka miwili baadaye alipata shahada ya uzamifu katika Taasisi ya Teknolojia ya California, maarufu kama Caltech, na huko ndiko alikofanya kazi kwa karibu miongo minne.

Sifa zake za kwanza zilitokana na elimu ya jinsi atomu zinavyoshikamana. Kitabu chake kuhusu maumbile ya vifungo vya kemia, kilichotoka 1939, kililelea wanakemia wa kizazi kizima. Lakini damu ilikuwa imeshamvuta. Mnamo 1936, pamoja na Charles Coryell, alionyesha kwamba himoglobini, yaani ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, huvutwa na sumaku ikiwa haina oksijeni, na huacha kuvutwa ikiisha kuipata. Kwa hiyo, miaka tisa kabla ya kusikia habari za selimundu, alikwisha kuijua himoglobini kama fundi ajuavyo chombo chake.

Pengine jambo jingine pia lilimsogeza karibu na tiba. Mnamo 1941 alishikwa na ugonjwa wa figo ambao madaktari wengi wa wakati huo hawakuwa na la kuufanyia. Daktari Thomas Addis alimpa masharti makali ya chakula chenye protini kidogo, na Ava Helen akawa akipima kila kinachoingia sahanini. Pauling alipona na kuishi zaidi ya miaka 50 baadaye.

Habari za selimundu zilimfikia mnamo 1945, akiwa katika kamati ya kuishauri serikali ya Marekani juu ya utafiti wa tiba. Kwenye mazungumzo ya jioni, mjumbe mwenzake, Daktari William Castle wa Harvard, alitaja kwamba seli za wagonjwa hao hujipinda zaidi katika damu iliyokwisha kutoa oksijeni, na hurudia umbo lake ikipata oksijeni tena. Castle ndiye aliyegundua kwa nini wagonjwa wa aina ile iliyomuua mamake Pauling hawanufaiki na chakula. Kwa wengine maneno yake yalikuwa jambo la kawaida la hospitalini. Kwa mtu aliyejua kwamba kinachobadilika oksijeni ikitoka ni himoglobini, yalitosha. Pauling alikisia papo hapo kwamba kasoro haimo katika seli bali katika himoglobini, na kwamba molekuli zenye kasoro hunatana zikajipanga mistari mirefu inayoipinda seli kutoka ndani.

Kukisia ni rahisi. Kuthibitisha kulichukua miaka, na mzigo ulimwangukia mtu ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Harvey Itano alikuwa kijana daktari mzaliwa wa Sacramento, wa ukoo wa Kijapani. Mnamo 1942 alikuwa mwanafunzi bora wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, lakini siku ya mahafali hakuwepo, kwa kuwa serikali ilikuwa imemfungia kambini pamoja na Wamarekani wengine wa asili ya Japani. Aliruhusiwa kutoka ili akasomee udaktari mjini St. Louis. Alipofika Caltech mnamo 1946, Pauling alimkabidhi selimundu.

Pauling mwenyewe alikuwa ameionja chuki hiyo. Mapema 1945, baada ya familia yake kumpa kazi ya bustani Mmarekani wa asili ya Japani, watu wasiojulikana waliichafua kwa rangi na matusi nyumba yao.

Itano alijaribu njia kadhaa bila kuona tofauti. Ndipo, akisaidiana na Jonathan Singer na Ibert Wells, akageukia elektroforesi. Kwa lugha nyepesi, protini huwekwa katika maji yenye chumvi na kupitishiwa umeme. Kila moja husogea upande fulani na kwa kasi fulani kulingana na chaji iliyobeba. Himoglobini ya watu wazima wa afya ilielekea upande mmoja. Ile ya wagonjwa, katika maji hayo hayo, ilielekea upande wa pili. Tofauti ilikuwa ya chaji mbili hadi nne tu katika molekuli nzima.

Jambo lililobeba uzito mkubwa zaidi lilikuwa damu ya watu wa tatu, yaani wale wanaorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu. Wao walikuwa na himoglobini zote mbili, ile ya kawaida ikizidi kidogo. Mwaka huo huo wa 1949 James Neel alikuwa ameonyesha kwa njia ya familia kwamba mgonjwa ni yule aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Hesabu ya ukoo na kipimo cha maabara zilisema neno moja. Kwa mara ya kwanza jeni yenye kasoro ilifungamanishwa na protini yenye kasoro, na ugonjwa ukapata alama yake katika damu inayoweza kusomwa na chombo.

Wengine waliendeleza safari. Mnamo 1956 na 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba kosa lenyewe ni kibadala cha asidi amino moja: mahali pa sita katika mnyororo wenye asidi amino 146, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa badala yake. Naye Anthony Allison, aliyelelewa Kenya kwenye Bonde la Ufa na kukusanya sampuli za damu nchini katika safari ya watafiti wa Oxford ya 1949, aliona kwamba wanaobeba jeni hiyo ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu. Mnamo 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni moja ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria. Mwaka huo huo alifanya kazi katika maabara ya Pauling.

Ilikuwa pia mwaka wa Pauling kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Tuzo hiyo ilimfungulia mipaka, kwa sababu mnamo 1952 serikali yake ilimnyima pasipoti kwa kushuku siasa zake, akakosa mkutano wa wanasayansi mjini London. Umbo la DNA, ambalo alilikosea kwa kulipa nyuzi tatu, liliwaendea James Watson na Francis Crick mnamo 1953. Mwanzoni mwa 1958 yeye na Ava Helen waliwasilisha kwa Umoja wa Mataifa ombi lililotiwa saini na wanasayansi zaidi ya 9,000 la kukomesha majaribio ya silaha za nyuklia. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962 ilitangazwa kuwa yake Oktoba 10, 1963, siku mkataba wa kupiga marufuku sehemu ya majaribio hayo ulipoanza kutumika.

Mgala muue na haki yake mpe. Lakini na kosa lake pia lisifichwe. Mnamo 1968, katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, Pauling alipendekeza kwamba vijana wanaobeba jeni ya selimundu wachanjwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama moja wajizuie kupendana na kuzaa. Nia yake, alivyoieleza, ilikuwa kupunguza mateso ya watoto. Mtu aliyeupa ulimwengu alama iliyofichika ndani ya tone la damu, ambayo mwenyewe ndiye mwenye siri yake, sasa alitaka ianikwe mahali ambapo kila mpita njia ataisoma. Ni vigumu kuelewa vipi mtu ambaye nyumba yake iliwahi kupakwa matusi hakuona hatari hiyo.

Hakuna aliyechanjwa. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, majimbo kadhaa ya Marekani yalipitisha sheria za kuwapima watu weusi kwa lazima, mara nyingi bila kutofautisha mgonjwa na mbebaji, na wapo waliopoteza ajira au bima kwa sababu ya jeni ambayo isingewaugza kamwe. Chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo kiliwafungia mlango wabebaji hadi 1981.

Kazi ya vipimo haikumtoka moyoni. Mnamo 1971 yeye na wenzake walitoa taarifa kwamba walitenganisha kemikali zipatazo 250 katika pumzi ya binadamu, na 280 hivi katika mvuke wa mkojo. Tafiti nyingi za leo zinazosaka dalili za magonjwa katika pumzi huanza historia yake hapo.

Lakini umma ulimjua zaidi kwa vitamini C. Kitabu chake cha 1970 kilidai kwamba vitamini hiyo kwa wingi huzuia mafua. Baadaye, pamoja na daktari Ewan Cameron wa Scotland, alidai kwamba hurefusha maisha ya wagonjwa wa saratani. Ushahidi wao wa 1976 uliwalinganisha wagonjwa 100 waliopewa vitamini na kumbukumbu za wagonjwa 1,000 wa zamani, ulinganisho dhaifu ambao Pauling wa 1949 angeukataa kabla hajamaliza ukurasa. Hospitali ya Mayo iliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na katika majaribio mawili, yaliyochapishwa 1979 na 1985, haikuona faida yoyote. Pauling alipinga kwa hasira na kuendelea kumeza dozi kubwa kila siku.

Ava Helen alifariki kwa saratani ya tumbo Desemba 1981. Pauling alimfuata Agosti 19, 1994, akiwa na umri wa miaka 93, kwa saratani ya tezi ya kiume, katika shamba lake la Big Sur kwenye pwani ya California. Itano, ambaye mnamo 1979 alikuwa Mmarekani wa kwanza wa asili ya Japani kuchaguliwa katika chuo cha kitaifa cha wanasayansi wa nchi yake, aliishi hadi 2010. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayohariri jeni katika seli za mgonjwa mwenyewe.

Daftari 46 za utafiti wa Pauling zimehifadhiwa Corvallis, katika chuo kikuu kilichotokana na kile chuo cha kilimo kilichompokea bila cheti cha shule.