Carl Størmer

Fredrik Carl Mülertz Størmer (Skien, 3 Septemba 1874 – Oslo, 13 Agosti 1957) alikuwa mwanahisabati kutoka nchini Norwei. Anajulikana hasa kwa kupiga picha nuru za kaskazini, yaani aurora, na kupima kimo chake.

Alipenda kamera tangu ujana. Akiwa mwanafunzi alificha kamera ndogo ndani ya kizibao chake, lenzi ikichungulia kwenye tundu la kifungo, akawapiga picha wapita njia wa mji mkuu bila wao kujua. Mmoja wao alikuwa mwandishi Henrik Ibsen. Kuanzia 1903 hadi 1946 alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo.

Alivutwa na aurora kupitia majaribio ya Kristian Birkeland, aliyerusha elektroni kwenye tufe la sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa. Kwa miaka mingi Størmer alikokotoa kwa mkono njia za chembe zenye chaji ya umeme katika uga sumaku wa Dunia. Hata hivyo makadirio ya kimo cha nuru zenyewe yalitofautiana mno, na hesabu peke yake haikuweza kumaliza ubishi huo.

Mwaka 1910 alikwenda Bossekop, kaskazini kabisa mwa Norwei. Aliweka vituo viwili vilivyotengana kwa kilomita kadhaa na kuunganishwa kwa simu. Nuru ilipotokea, wapiga picha wa pande zote mbili walielekeza kamera kwenye nyota ileile na kufungua lenzi kwa pamoja, kwa sekunde chache tu kwa sababu aurora haitulii. Katika picha hizo mbili nuru huonekana mbele ya nyota tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hutoa kimo. Wingu likifunika kituo kimoja, picha ya kituo cha pili haikufaa kwa kipimo. Umbali kati ya vituo ulikuwa mfupi, hivyo aliporudi mwaka 1913 aliurefusha.

Vipimo vilionyesha kwamba ukingo wa chini wa aurora huwa kwa kawaida kwenye kimo cha kilomita 100 hivi. Baadaye aligundua miali inayomulikwa na Jua ikifika hadi kilomita 1000.

Kitabu chake kikuu kuhusu aurora kilitolewa mwaka 1955. Kasoko moja kwenye upande wa mbali wa Mwezi ina jina lake.