Marehemu Sheikh Amri Abedi, Meya wa Kwanza Mwafrika

Katika toleo hili nataka kuwaeleza habari za Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi wenu mmelisikia jina lake katika vipindi vya Kiswahili, mwalimu anapofundisha vina na mizani. Mimi leo namtaka yule meya kuliko malenga. Nimemchagua kwa sababu hapa Njombe, na kwetu Makambako zaidi, uchaguzi wa madiwani ukikaribia hufufuka swali lile lile: nani mwenyeji, nani mgeni?

Sheikh Amri alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mji ambao wengi wa watu wake asili yao ni ng'ambo ya ziwa, Kongo. Alisoma Tabora, katika shule ya serikali aliyosoma pia Mwalimu Julius Nyerere. Kisha akawa mhubiri wa Ahmadiyya, jumuiya ndogo ambayo Waislamu wengi wa nchi hii hawakukubaliana nayo. Alisaidia kazi ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka mwaka 1953, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi. Mambo ya vina hakuyafanyia mzaha hata kidogo. Nadhani baadhi ya mashairi ya gazeti letu hili angeyarudisha kwa wenyewe.

Sasa tuitazame Dar es Salaam ya siku zile. Ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa wameugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu walikaa upande wa bahari penye upepo na bustani, Wahindi wakakaa katikati penye maduka, na Waafrika wakawekwa Kariakoo na Ilala. Hata kanuni za kujenga nyumba zilitofautiana toka upande mmoja hadi mwingine. Waafrika walikuwa wengi kuliko wote, lakini katika kiti cha meya hakuketi hata mmoja wao mpaka mwaka 1960, alipochaguliwa Sheikh Amri, naye hajatimiza miaka 40.

Hapo ndipo naomba msomaji atue kidogo. Mtu huyu hakuwa Mzaramo wala mtu yeyote wa pwani. Kwao palikuwa mwisho wa reli, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka baharini. Tena madhehebu yake yalikuwa ya watu wachache. Angetafutwa sababu ya kuitwa mgeni, zingepatikana mbili kwa mara moja. Juu ya hayo akawekwa mbele ya baraza lenye kushughulikia masoko, taka, leseni na barabara za mji mkuu wa nchi nzima.

Miji yetu hii miwili haina meya. Njombe na Makambako kila mmoja una Halmashauri ya Mji, na mkuu wa madiwani huitwa Mwenyekiti. Jina la Meya ni la manispaa na majiji. Hata hivyo njia ya kukifikia kiti ni moja: wananchi huchagua diwani wa kata yao, na madiwani humchagua mmoja miongoni mwao.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana pale na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita hapo hapo. Baba yangu ni Mkinga aliyefuata biashara; mimi nimezaliwa pale, lakini nimekwisha kuambiwa kwamba udiwani wa pale haunihusu. Ukiwaondoa wageni wote sokoni kwa siku moja tu, sijui ni nani atakayebaki kulipa ushuru.

Sheikh Amri hakukaa sana katika umeya. Baada ya Uhuru alifanywa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, na mwaka 1964 akapewa Wizara ya Maendeleo na Utamaduni. Oktoba mwaka ule ule alifariki huko Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake.

Dar es Salaam yenyewe ilifanywa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru. Mabaraza ya miji yalifutwa katika miaka ya 1970, na huduma zilipodorora yakarudishwa mwaka 1978. Jiji hilo limegawanywa na kupangwa upya mara kadhaa, na Februari 2021 hadhi ya jiji ilipewa iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Kariakoo imo ndani yake.