Aniceti Kitereza: Mzee wa Ukerewe aliyewaandikia watoto wa wenzake

GAHANGA, Kigali. Mfanyabiashara wa Gahanga anayevuka Rusumo kufuata mchele au dagaa wa Mwanza hurudi na mzigo wa biashara. Lakini Ziwa Victoria lina mzigo mwingine, unaowafaa watoto nyumbani: hadithi ya Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe, kisiwa cha Tanzania. Alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda, mtawala wa Wakerewe. Alisoma kwa wamisionari wa Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Hakuwa padri, alimuoa Anna Katura. Walizaa, lakini watoto wao walifariki wangali wadogo.

Kitereza aliona vijana wakianza kusahau desturi za wazee. Akaandika kitabu kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Ni kisa cha Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana mke, wazazi wake wanamchukua, na mume anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe. Msomaji wa Rwanda anayeijua urwagwa hatahitaji kuelezwa uzito wa faini hiyo. Hatimaye, baada ya tiba ya mganga, wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Humo mna kilimo, uvuvi, dawa, ndoa na mazishi, yote jinsi yalivyofanywa zamani.

Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na muswada haukupata mchapishaji. Kitereza hakukata tamaa. Uzeeni, akisumbuliwa na maradhi ya viungo, alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, lugha ya masoko na bandari za ziwa. Tanzania Publishing House ikakitoa kwa tarehe ya 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka 1981 Kitereza alifariki kabla nakala hazijamfikia.

Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, akakitoa kwa Kiingereza.

Kitabu ni kinene, si cha mtoto kujisomea peke yake. Ni cha mzazi kusoma na kusimulia jioni, akirudi kutoka mpakani. Mzee aliyezika watoto wake aliwaachia urithi watoto wa wengine, na Kiswahili ndicho kilichouvusha.